Sabuni ya nazi na karafuu inatoa madoa ya rangi ya chungwa na jasho. Kiungo gani mchawi?

#1 NaziTupu
Wakuu salaam. Sabuni ya kuogea, ya baridi, haipikwi motoni. Viungo kwa kilo moja ya mafuta:

Mafuta ya nazi g 400
Mawese meupe g 300
Alizeti g 250
Nyonyo g 50
Kaustiki soda g 140
Maji ya kisima g 380
Mafuta ya karafuu g 25
Unga wa mwani vijiko 2 vya chakula
Manjano kijiko 1 cha chai
Asali kijiko 1 cha chakula
Vitamini E ml 5

Mwanzoni haina neno. Ikifika wiki ya sita inatoka madoa madogo ya rangi ya chungwa, mengine ya kahawia. Mvua zikianza inafanya jasho juu. Nani anaharibu hapo? Na je, kila kilichomo kina kazi, au vingine ni pambo la lebo?

#2 Mpangaji_wa_Kudumu
Nimeweka kambi hapa na karanga zangu. Wajuzi waje.

#3 Fundi_Mche
Mchawi ni alizeti, usihangaike. Zaidi ya nusu yake ni asidi ya linoleiki, na hiyo inashikana na hewa haraka. Sehemu ambayo haikugeuka sabuni inachacha ndani ya kipande na kutoa doa la chungwa. Nusa doa lenyewe: likiwa na harufu ya mafuta ya zamani au ya karanga zilizokaa, jibu umepata. Alizeti isizidi g 100 kwa kilo. Ongeza mawese, yanagandisha kipande na hayachachi upesi.

#4 HesabuKwanza
Fundi_Mche yuko sawa ila ameruka chanzo. Tupige hesabu. Kila gramu ya mafuta ina kiasi chake cha kaustiki:

nazi 0.183 × 400 = 73.2
mawese 0.142 × 300 = 42.6
alizeti 0.135 × 250 = 33.8
nyonyo 0.128 × 50 = 6.4

Jumla g 156. Hiyo ndiyo ya kugeuza mafuta yote kuwa sabuni. Wewe umeweka 140, kwa hiyo asilimia 10 ya mafuta imebaki huru, karibu g 100 zinazokaa ndani ya sabuni zikisubiri kuchacha. Kawaida watu huacha asilimia 5, yaani kaustiki g 148. Na maji 380 ni mengi mno. Mara mbili ya kaustiki inatosha, g 296. Maji ya ziada ndiyo yanayofanya kipande kisinyae, kipinde, na kutoa unga mweupe juu.

#5 Mama_Kalibu
#4 hesabu yako inadhani kaustiki ni safi. Ile ya kupimiwa dukani kwenye mfuko wa nailoni imeshanyonya unyevu na hewa ya ukaa, sehemu yake imekuwa kabonati. Ikiwa imepungua nguvu kwa asilimia 10, basi 140 yake ni 126, na mafuta huru yanapanda hadi asilimia 19. Vipande vya kaustiki vinatakiwa vikauke na vimwagike kama chumvi ya mawe. Vikishikana au vikawa na ungaunga mweupe, usipimie sabuni ya kuogea. Pelekeni ya kufulia.

#6 Mpangaji_wa_Kudumu
Kwa hiyo hata mafuta yana bajeti. Endeleeni.

#7 Kiziwanda_wa_Pemba
Jamani, hakuna aliyeiona karafuu? G 25 kwa kilo ni asilimia 2.5. Hiyo ni dawa ya meno. Mafuta ya karafuu asilimia 70 hadi 90 ni yujeno, na yujeno inawasha ngozi na kuzua mzio. Isitoshe ukiimimina tu, uji wa sabuni unashika hapohapo, ukichelewa unatoka na mwiko. Weka g 5, ikizidi sana 10. Iweke mwisho kabisa, mafuta yako kwenye nyuzi 35 hivi na si 50, koroga kwa mkono, usiguse blenda.

Halafu yujeno ni tindikali dhaifu, nayo inakula kaustiki. G 25 zako zina yujeno kama g 20, hizo zinashika kaustiki karibu g 5. Ongeza kwenye hesabu ya #4 na #5 uone.

#8 HesabuKwanza
Kiziwanda, onyo la ngozi nakubali moja kwa moja. La kula kaustiki nakubali nusu. Yujeno inaishika kaustiki mwanzo, ndiyo maana uji unashtuka, lakini tindikali za mafuta zina nguvu kuliko yujeno. Kadiri mafuta yanavyogeuka, yananyang'anya kaustiki ile kutoka kwenye yujeno. Mwisho wa safari kinachopotea ni kidogo kuliko g 5.

#9 Kiziwanda_wa_Pemba
Kidogo kiasi gani? Weka namba, wewe si ndiye mwenye jina la hesabu.

#10 HesabuKwanza
Inategemea pH ya mwisho, yaani kipimo cha tindikali na alkali. Sabuni ikitulia kwenye 10 hivi, yujeno iliyobaki imeshika haifiki hata nusu. Zaidi ya hapo ni kupima maabara.

#11 Chumvi_ya_Kisima
Mnazunguka. Mleta uzi ameandika MAJI YA KISIMA. Visima vingi vina chuma, na chuma kidogo sana kinatosha kuharakisha mafuta kuchacha. Shaba vilevile. Ndiyo maana madoa ni nukta na si kipande kizima. Pima hivi: chota maji kwenye ndoo nyeupe, yaache usiku. Asubuhi yakiwa na mashapo ya njano, hayo ni chuma. Au chemsha chai ya rangi: yakiwa na chuma chai inakuwa nyeusi ya wino.

Kwa sabuni tumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa maji tena. Wengine wananunua maji ya betri, ila SOMENI LEBO. Kuna maji ya betri na kuna tindikali ya betri, chupa zinafanana. Tindikali ikikutana na kaustiki itakurukia usoni.

Jambo la pili la maji ya kisima cha pwani ni ugumu. Kalisi na magnesi vinakula sabuni na kuifanya utando wa kijivu. Povu linapungua, watu wanasema sabuni mbovu kumbe maji.

#12 Lulu_Mrima
Dawa ya chuma na ugumu ni ndimu tu, weka ndimu kwenye maji.

#13 HesabuKwanza
Lulu, ndimu ni asidi ya sitriki, na kila g 10 za sitriki kavu zinakula kaustiki g 6.2. Maji ya ndimu yana sitriki karibu asilimia 5, kwa hiyo ml 100 zinakula kaustiki g 3. Ukiweka bila kuongeza kaustiki, umemwongezea mafuta huru yaleyale tunayolalamikia. Njia ni kutumia sitriki ya unga g 10 kwa kilo ya mafuta, ukiyeyusha kwenye maji kwanza, na kaustiki uongeze g 6. Inazaa sitreti, ambayo inashika chuma na kupunguza utando. Ila kama sitriki yako ni ile yenye maji ndani yake, g 10 zinakula 5.7. Angalia mfuko.

#14 Fundi_Mche
Na wanaosoma kimyakimya: kaustiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kaustiki. Na si kwenye sufuria. Sufuria zetu nyingi ni aluminiamu, kaustiki inaitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni, sufuria inakuwa nyeusi, sabuni inakuwa ya kijivu. Ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha stenlesi. Miwani na glavu, dirisha wazi.

#15 DukaLaVipodozi
Mnamsahau mwani. Watu wanachukua mwani wa kotonii wenye karajini (ute wa mwani unaogandisha) ya aina ya iota, wanausaga na chumvi yake. Chumvi inavuta maji ya hewani, hapo ndipo jasho linapotoka.

#16 Kiziwanda_wa_Pemba
Umechanganya. Iota inatoka kwenye spinosumu, mwani mwembamba. Kotonii ni mwani mnene, unatoa karajini ya kapa. Zanzibar kilimo cha kuuza kilianza 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wengi leo wana spinosumu kwa sababu kotonii umekuwa ukifa maji yakipata joto. Kwa hiyo mfuko wa mwani wa Zanzibar unaouziwa kwa sabuni, uwezekano mkubwa ni spinosumu.

Chumvi uko sahihi. Mwani uoshwe maji baridi mara tatu, ukaushwe, usagwe, upite kwenye chekecheke laini. Vijiko 2 kwa kilo ni sawa. Usiposagika vizuri unakwaruza.

#17 NaziTupu
Shukrani wote. Mwani sikujua kama unaoshwa, mfuko ulisema "tayari". Kaustiki ni ya kupimiwa. Na vitamini E? Nilidhani inazuia kuoza.

#18 Mama_Kalibu
Hapo ndipo watu wanapopotea. Vitamini E inachelewesha mafuta kuchacha, basi. Haiui bakteria wala kuvu. Kwenye sabuni ya kipande haihitajiki kuua chochote, kwa kuwa pH ni 9 hadi 10 na kitu hakioti humo. Lakini yule anayechanganya shubiri mbichi na mafuta ya nazi, akaweka vitamini E, akauza losheni ya "miezi sita", anauza ukungu. Kila chenye maji kinahitaji kihifadhi cha kweli: fenoksiethanoli isiyozidi asilimia 1, au sorbeti ya potasiamu ikiwa pH iko chini ya 5.5. Sorbeti kwenye sabuni ya maji ya pH 9 ni bure kabisa, haifanyi kazi huko.

Shubiri yenyewe, ukikata jani lisimamishe kwanza mpaka utomvu wa njano uchuruzike. Ule unawasha.

#19 Mwanakemia_Juma
Mleta uzi, umewahi kufikiri kwamba baadhi ya madoa si madoa? Manjano kwenye alkali inageuka nyekundu au kahawia. Chembe ambayo haikuyeyuka inakaa kama nukta na kutoa duara la rangi ya chungwa pembeni. Dondosha ndimu au siki juu ya doa. Likirudi njano, hilo ni manjano. Lisipobadilika, ni mafuta yaliyochacha au chuma. Siku nyingine loweka manjano kwenye mafuta ya uvuguvugu, uchuje kwa kitambaa, utumie mafuta yale tu.

#20 Lulu_Mrima
Manjano si inang'arisha ngozi? Na ya papai?

#21 Mwanakemia_Juma
Manjano inang'arisha taulo. Inakaa mwilini sekunde chache, inaoshwa. Papai kazi yake inafanywa na papaini, ambayo ni kimeng'enya, na kwenye maji ya kaustiki inakufa. Kinachobaki ni sukari na rangi. Sabuni ya papai inayong'arisha kwa siku tatu ina kitu kingine ndani, na kitu hicho mara nyingi ni haidrokwinoni au zebaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, uliweka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 kwa milioni. Huku Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamia TBS (shirika la viwango) 2019, kabla ulikuwa TFDA (mamlaka ya chakula na dawa). Mkorogo hauwi halali kwa kuwekewa picha ya papai.

#22 Mpangaji_wa_Kudumu
"Manjano inang'arisha taulo." Uzi umelipa.

#23 Athi_River_Boy
Niulize kutoka huku Kenya. Kwa nini mnanunua kaustiki na magadi yapo? Wazee walitengeneza sabuni kwa magadi.

#24 Fundi_Mche
Magadi peke yake hayageuzi mafuta ya nazi kuwa sabuni. Ni kabonati, nguvu haitoshi. Yanashika tu tindikali huru, ndiyo maana mafuta yaliyochacha sana yanaonekana "kukubali". Njia ni kuchanganya magadi na chokaa. Kabonati g 106 na chokaa iliyozimwa g 74, kwenye maji ya moto, zinatoa kaustiki g 80 na mashapo meupe g 100. Unaacha yatulie, unachota maji ya juu. Magadi ya ziwani si kabonati tupu, yana bikabonati, kwa hiyo chokaa inahitajika zaidi. Na nguvu ya maji yale huijui mpaka upime. Kwa sabuni ya kufulia sawa, kwa uso hapana.

Majivu ya maganda ya ndizi ni habari nyingine, hayo ni ya potasiamu, sabuni yake ni laini kama ugali wa moto, haishiki kipande.

#25 Kigoma_Mise
Nazi mnaiheshimu kupita kiasi. Mafuta ya mise, kokwa ya mchikichi, yana tindikali ileile ya lauriki na povu lilelile, kaustiki yake 0.176. Kwetu ni rahisi kuliko nazi. Mawese mekundu usiyaweke zaidi ya asilimia 20 kama hutaki taulo la njano, rangi ile ni karotini. Na kipande chenye mawese mekundu huwezi hata kuona doa la chungwa, tatizo limeisha.

#26 Chumvi_ya_Kisima
Hiyo si tiba, hiyo ni kuficha ushahidi.

#27 Lulu_Mrima
Nazi tupu asilimia 100 inawezekana? Naambiwa inakausha.

#28 Mama_Kalibu
Inawezekana, ila acha mafuta huru asilimia 20. Kilo moja: 183 × 0.8 = kaustiki g 146. Nazi haichachi upesi, kwa hiyo 20 ya nazi si hatari kama 10 ya alizeti. Kata mapema, saa chache tu, ukilala nayo inapasuka chini ya kisu. Nayo inatoa povu hata kwenye maji ya bahari.

#29 Fundi_Mche
Bado inakausha. Lauriki ikizidi inavua mafuta ya ngozi hata uache 20. Kwa uso nazi isizidi 30.

#30 Mama_Kalibu
Kwa ngozi yako. Pwani watu wanaoga hiyo na hawalalamiki.

#31 DukaLaVipodozi
Nje kidogo ya mada: wanaotengeneza sabuni ya maji kwa slesi na salfoniki (kemikali za povu za viwandani), formalini ya kuhifadhi mnaweka kiasi gani? Dukani wanasema ml 10 kwa lita 20 haina shida.

#32 Mwanakemia_Juma
Hiyo si sabuni, ni ditajenti, lakini nijibu. Ml 10 ya formalini ya asilimia 37 ni formaldehidi karibu g 4 ndani ya lita 20, yaani asilimia 0.02. Kwa namba ni ndogo. Shida ni mbili. Wengi hawapimi ml 10, wanamimina kifuniko mpaka "harufu ikubali". Na anayeathirika kwanza ni anayechanganya, anavuta mvuke wake kila wiki. IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, imeiweka kundi la 1, vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na Ulaya imeiondoa kwenye vipodozi. Tumia kihifadhi kingine.

Na kuhusu lebo aliyoitaja mleta uzi mwanzo: kama imeandikwa "haina kemikali", iondoe. Kaustiki ilikuwepo, imekwisha kwa kugeuka sabuni. Lebo ya sabuni ya kweli utaijua kwa majina yanayoanza na sodiamu na kuishia na -eti, kisha gliserini na maji. Ukiona salfeti mwanzoni, si sabuni ya mafuta.

#33 NaziTupu
Nimejaribu ndimu ya #19. Baadhi ya madoa yamegeuka njano. Mengine yamebaki kahawia vilevile. Chai ya rangi kwa maji ya kisima imekuwa nyeusi kiasi, si wino. Sasa?

#34 Fundi_Mche
Yaliyobaki kahawia ni alizeti.

#35 Chumvi_ya_Kisima
Ni kisima. Nyeusi kiasi ni nyeusi.

#36 HesabuKwanza
Tengeneza tatu ndogo za g 500, ubadilishe kitu kimoja tu kila moja: ya kwanza maji yaliyokenekwa, ya pili kaustiki mpya ya kopo kwa kiwango cha asilimia 5, ya tatu bila alizeti. Zote bila manjano wala karafuu. Ukitaka ya kuuza wakati unasubiri: nazi 350, mawese 500, alizeti 100, nyonyo 50, kaustiki 147, maji 294.

Jasho nalo lipime. Bandika karatasi laini juu ya kipande. Ikibaki na doa la mafuta, ni mafuta huru. Ikikauka safi, ni maji ya hewani yanayovutwa na gliserini au chumvi ya mwani, halina madhara. Ikikauka na unga mweupe, kaustiki ilitengana; kipande hicho usiuze.

#37 Kiziwanda_wa_Pemba
Na asali? Ile inapandisha joto, kipande kinapasuka katikati. Kijiko cha chai kinatosha.

#38 NaziTupu
Karatasi imekauka safi. Halafu nimegundua madoa mengi yako upande mmoja, wa chini, nao umekaa kwenye wavu wakati wa kukauka.

#39 Chumvi_ya_Kisima
Wavu wa nini?

#40 NaziTupu
Wa banda la kuku.

#41 Mpangaji_wa_Kudumu
Nadharia ya saba hiyo. Nafuata karanga nyingine.

#42 Mwanakemia_Juma
Wavu wa kuku umepakwa zinki. Palipokatwa na kuchubuka chuma kiko wazi. Angalia kama madoa yamepanga mistari ya waya, halafu kata kipande katikati: kama na ndani yamo, wavu hauhusiki.

#43 Fundi_Mche
Hata yakiwa kwenye wavu tu, chuma kinachachisha mafuta gani? Alizeti.